UZURI HAUMO NDANI YA KOPO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyetuumba sote katika umbo jema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka siku ya malipo.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika jarida letu la mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo huzungumzwa sana barazani, kisimani na saluni, lakini darasani hupitwa kimya. Nalo ni kujitunza na kupendeza. Kila mmoja wetu, awe mvulana au msichana, hupenda aonekane vizuri. Hilo si kosa. Kosa huingia pale tusipojua uzuri unatafutwa wapi na kwa njia gani.

Msimamo wetu tunausema mapema. Kupendeza ni jambo jema kwa mwenye nia njema, na njia yake ni nyepesi na rahisi kuliko tunavyouziwa madukani. Lakini kujichubua ngozi si kupendeza, na wakati umefika madrasa zetu za Masasi na Newala zilisema hilo waziwazi, bila kuwacheka dada zetu na bila kuwaacha peke yao.

Uislamu haukatai uzuri

Wapo wanaodhani kwamba mcha Mungu ni lazima awe na kanzu iliyochakaa, nywele timutimu na kinywa kinachonuka. Dhana hiyo haina msingi. Mtume (S.A.W.) alipozungumzia ubaya wa kibri, aliulizwa juu ya mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Akafundisha kuwa Allah ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo nguo safi si kibri. Kibri ni kumdharau mwenzako asiye nayo.

Aidha, katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, wanaadamu wameamrishwa kuchukua pambo lao kila waendapo mahali pa ibada, na katika aya hiyo hiyo wakakatazwa israfu. Tuyatazame mambo haya mawili yalivyowekwa pamoja. Anayekwenda msikitini mchafu ameacha nusu ya kwanza, na anayemaliza fedha za nyumbani kwa vipodozi ameacha nusu ya pili.

Maji kidogo, mwili safi

Anayeishi juu ya uwanda wa Makonde hahitaji kuelezwa thamani ya maji. Ardhi yetu ya mchanga huyameza maji ya mvua, na chemchemi zimebaki chini bondeni. Tangu zamani mama zetu na bibi zetu waliteremka mteremko mrefu kwenda kuchota, kisha wakapanda na mzigo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianzishwa miaka ya 1950, na kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Finland ikasaidia sana maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Hata hivyo, mpaka leo viko vijiji ambako bomba halitoi maji kila siku, na familia nyingi hutegemea maji ya mvua yaliyokingwa kutoka batini na kuhifadhiwa kisimani. Ndugu zetu wa Masasi mjini, wanaokaa chini ya vile vilima vya mawe, wana nafuu ya maji ya Mbwinji, lakini nao wana vumbi jekundu la kutosha.

Kutokana na hali hiyo, wengine hujitetea kwa kusema kuwa usafi ni wa watu wenye maji. Hapa ndipo sunna inapotufaa sana. Imesimuliwa na Anas bin Malik (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa maji ya kiasi cha mudd moja, na akioga kwa kiasi cha pishi moja, yaani mudd nne, mpaka mudd tano. Mudd moja haifiki lita moja. Wengi huikadiria kuwa kama robo tatu ya lita au pungufu kidogo. Pishi hiyo basi ni kama lita tatu.

Tupige hesabu. Dumu moja la lita 20 linatosha watu zaidi ya 25 kutawadha, au watu sita kuoga. Aliyefanya hivyo ni mbora wa viumbe, na hakuna aliyemzidi kwa usafi. Hivyo basi, ukosefu wa maji mengi si udhuru wa kuja darasani na shingo nyeusi kwa uchafu.

Kuoga kwa maji machache kuna utaratibu wake. Maji yatiwe ndooni na yachotwe kwa kopo, yasimwagwe ovyo. Ulowanishe mwili kidogo, kisha upake sabuni kwa kitambaa au dodoki, ukianza na mahali panapotoa jasho: kwapani, shingoni, nyuma ya masikio, mapajani na baina ya vidole vya miguu. Maji yaliyobaki yote yawe ya kusuuzia. Ukimaliza ujikaushe vizuri, hasa baina ya vidole, kwani fangasi hupenda unyevu uliofichika ndani ya kiatu. Madrasa isiyo na bomba inaweza kutundika kibuyu chirizi karibu na choo, pamoja na kipande cha sabuni. Ni kazi ya mchana mmoja, na wavulana wa darasa la juu wanaiweza.

Kinywa, kucha na nywele

Mtume (S.A.W.) aliupenda mswaki kiasi cha kufahamisha kuwa, lau si kuchelea kuutaabisha umma wake, angeliamrisha upigwe kwa kila sala. Mswaki wa mti haununuliwi kwa fedha nyingi, na anayeutumia vizuri hupata meno safi na pumzi njema. Wenye mswaki wa dukani nao wautumie asubuhi na kabla ya kulala, na kila mmoja awe na wake. Aliyekula kitunguu kibichi au kitunguu saumu amekwisha kuonywa asiwaudhi wenzake msikitini. Tunadhani onyo hilo linafaa na darasani pia, tunapobanana mkekani watu wanne kwa msahafu mmoja.

Kucha tumewekewa mpaka wa siku 40, lakini huo ni mpaka wa mwisho, si kiwango cha kujivunia. Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi ni wakati mzuri wa kuzikata. Kucha ndefu hubeba uchafu na mayai ya minyoo, na mkono huo huo ndio tunaolia wali.

Ama nywele, mwenye nywele ameamrishwa azitunze. Dada zetu wasidhani kwamba hijabu ni ruhusa ya kusahau kilicho chini yake. Nywele zioshwe, zikaushwe, zipakwe mafuta kidogo, na hijabu yenyewe ifuliwe. Anayefunga hijabu juu ya nywele mbichi hukaribisha harufu na mba. Wavulana nao waache kuvaliana kofia na kutumia kitana kimoja watu kumi, kwani mapunye na chawa huhama kwa njia hiyo. Kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu kumekatazwa, hata kama ndiyo mtindo wa mjini. Pia wembe wa kinyozi uwe mpya kwa kila mtu, maana damu ya mtu mmoja ikibaki kwenye wembe yaweza kumfikishia mwingine virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini.

Ngozi ya mtoto wa mkulima wa korosho

Wengi wetu ni watoto wa wakulima wa korosho, na ngozi zetu hukutana na mambo ambayo watoto wa mahali pengine hawayajui. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza. Anayebangua kwa mikono mitupu hubaki na vidole vilivyobabuka. Mama zetu hujikinga kwa kupaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza, na anayeweza kupata glavu azivae. Salfa inayopulizwa mikorosho kuzuia ubwiri unga nayo huwasha macho na ngozi. Anayekwenda kupuliza avae mikono mirefu, afunge kitambaa puani, na akirudi aoge kwa sabuni kabla ya kuketi na wenzake. Nguo za salfa zifuliwe peke yake.

Upepo wa kipupwe wa mwezi wa sita na wa saba hukausha midomo na kupasua visigino. Dawa yake ni mafuta ya kawaida: ya nazi, ya ufuta unaolimwa hapa hapa Masasi, au ya mgando. Yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, nayo yatauzuia usipotee. Hii ndiyo siri ya ngozi laini, na kibaba cha mafuta ya ufuta humtosha mtu siku nyingi. Tukiongeza mboga za majani, papai, maembe ya msimu, kunde na mbaazi, maji ya kunywa ya kutosha na usingizi wa usiku, tutakuwa tumemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Wako pia ndugu zetu wenye ualbino. Kwao kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua ni kinga ya uhai, kwani ngozi isiyo na rangi ya asili huungua haraka na kupata saratani. Hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikitengeneza mafuta maalumu ya kuwakinga. Mwalimu ampangie mwanafunzi huyo kivulini, na wenzake wasimwite majina. Tulikumbuke jambo hili, kwa sababu linatufundisha kazi ya weusi wetu: rangi hiyo ni mwavuli tuliopewa bure.

Ndonya za bibi zetu

Vijana wengi hucheka wanapoona picha za wazee wa Kimakonde wa zamani, wanawake wenye ndonya kwenye mdomo wa juu na chale usoni. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alifika Masasi na Newala kuchunguza mila za watu wa huku, na kitabu alichokitoa mwaka 1908 kina picha za mapambo hayo. Wakati ule ndonya ulikuwa uzuri. Msichana alitobolewa mdomo, akavumilia maumivu, tundu likapanuliwa mwaka baada ya mwaka, naye akahesabika mrembo.

Kisha zama zikabadilika. Wajukuu wakaanza kucheka kile ambacho babu zao walikitamani, lakini bibi hakuweza kuurudisha mdomo wake ulivyokuwa. Fasheni ikaondoka, kovu likabaki.

Hatusemi haya kwa kuwadharau bibi zetu. Walifuata kile ambacho jamii yao iliwaambia ni kizuri. Tunauliza tu: je, sisi tuna tofauti gani? Anayemcheka bibi kwa ndonya, na jioni akajifungia chumbani kupaka krimu ya kuchubua uso, naye anafuata kile alichoambiwa ni kizuri, naye atabaki na kovu fasheni itakapoondoka. Tena bibi hakuwa na mtu wa kumwonya. Sisi tumeonywa.

Kwani Mtume (S.A.W.) amewaonya vikali wanaochanja ngozi na kuchonga meno kwa ajili ya urembo, wakiyageuza maumbile ya Allah. Na katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kumetajwa kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Ishara hutazamwa na kuzingatiwa. Haifutwi.

Sumu inayouzwa kama urembo

Mkorogo ni nini? Ni mchanganyiko wa krimu, sabuni, na pengine dawa za hospitali, unaokorogwa ili ngozi iwe nyeupe. Vitu vitatu ndivyo hutisha zaidi: zebaki, haidrokwinoni na dawa za jamii ya steroidi. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka, yaani mtu alikimbia weusi akaishia kwenye weusi mbaya zaidi. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, ikatoa michirizi na chunusi, na kidonda kikachelewa kupona. Daktari akitaka kumshona mtu wa namna hii, nyuzi hazishiki vizuri. Dada zetu wafikirie siku ya kujifungua kwa upasuaji.

Serikali ilikwisha kuvipiga marufuku vipodozi vyenye sumu hizi, na Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dunia nayo imeingia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 dhidi ya zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walilemaa na kufa kwa kula samaki wenye zebaki. Lakini sheria haikai dukani usiku na mchana. Makopo yangali yakipita. Msimu wa korosho unapofika na fedha zinapoonekana, biashara hiyo huchangamka pamoja na harusi.

Kwa hiyo msomaji ajifunze kusoma boksi. Maneno ya kuogopa huandikwa kwa Kiingereza: mercury, calomel, hydroquinone, clobetasol, betamethasone. Kopo lisiloandikwa chochote, au lililojazwa dukani kutoka kwenye ndoo, ni la kuogopwa zaidi. Na wanja usiojulikana ulikotoka usipakwe watoto, kwani baadhi huwa na risasi. Piko nyeusi ya kuchorea mikono nayo imewababua wengi. Hina ya majani haina madhara hayo.

Pambo linaloosheka

Tunapendekeza kipimo kimoja chepesi. Pambo jema huoshwa likatoka, na ngozi ikabaki ilivyoumbwa. Ng'ambo ya Ruvuma, wanawake wa Kimakua wa kaskazini mwa Msumbiji hujipaka usoni msiro mweupe uliosagwa kutokana na mti, kisha wakaosha. Pwani na Zanzibar bibi harusi husingwa kwa singo ya maua, liwa na karafuu. Hina hukolea, ikapauka, ikaisha. Uvumba huingia kwenye nguo na kutoka. Wote hawa wamependeza, na hakuna aliyepoteza ngozi yake. Bibi harusi wa Newala au Masasi anayeandaliwa wiki nzima na shangazi zake kwa mapambo ya namna hii, ndani, mbele ya wanawake wenzake na kwa ajili ya mumewe, hana haja ya kopo.

Nasaha zetu

Dada mmoja anaweza kutujibu: "Nyinyi mnasema hivyo, lakini anayeposwa ni mweupe." Maneno haya ni mazito na hatutaki kuyakwepa. Ni kweli kuwa wapo wavulana wanaomwita msichana chungu au mkaa, kisha wakashangaa anapojichubua. Kaka zetu, nyinyi ndio mnaoijaza ndoo ya mkorogo. Abu Dharr (R.A.), sahaba mtukufu, alipomtusi mtu kwa kumtaja mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa bado ana mabaki ya ujahili. Na katika hija ya kuaga, tumefundishwa kuwa mweupe hana ubora juu ya mweusi ila kwa ucha Mungu. Anayeijua hadithi hii kwa moyo na kuishinda mitihani ya Maulid, kisha akamwita binti wa watu mkaa, bado hajasoma.

Wazazi wetu, msiwapake watoto wachanga krimu za kung'arisha, na msimsifu binti mmoja kwa weupe mbele ya dada yake. Mtoto husikia. Baba anayekataa kununua sabuni na mafuta ya nyumbani asishangae binti akitafuta anayenunua.

Walimu wetu, tunaomba somo la tohara lisiishie kwenye nguzo za udhu. Kila Alhamisi pawe na dakika kumi za kukagua kucha, kichwa na meno, kwa upole na bila kumwaibisha mtu. Dada zetu wafundishwe na ustadhati.

Wenye maduka, nanyi ni Waislamu wenzetu wengi wenu. Faida ya kopo lenye zebaki ni faida ya kuuza madhara, na mtaulizwa juu yake.

Ama aliyekwisha kuanza kutumia, asikate tamaa na asifiche. Aende hospitali, iwe Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya wilaya ya Newala, aeleze wazi alichopaka na kwa muda gani. Wengine ngozi huwaka wanapoacha ghafla, na daktari anajua namna ya kuwasaidia. Sisi wengine tumlindie siri na tumwombee.

Ndugu zetu, mwanafunzi aliyeoga kwa lita tatu, akapiga mswaki, akakata kucha, akavaa kanzu au hijabu iliyofuliwa, akapaka mafuta ya ufuta na kumpa mwenzake salamu kwa uso mkunjufu, huyo amependeza mbele ya watu, na tunataraji amependeza mbele ya Mola wake.

Ewe Mola wetu, kama ulivyoyafanya mazuri maumbile yetu, zifanye nzuri na tabia zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.